Sura ya Sita: Pale Mgonjwa Asipoona

Anayenunua nyanya sokoni huzigeuza, huzibonyeza, huuliza bei kwa muuzaji wa pili, na asiporidhika huenda zake. Mgonjwa hana uwezo huo. Akiambiwa apige picha ya kifua, hana namna ya kujua kama kweli anaihitaji. Akiandikiwa dawa ya shilingi elfu arobaini, hajui kama ipo ya elfu nne inayofanya kazi ileile. Akiambiwa chumba cha upasuaji kimejaa, hawezi kwenda kuchungulia. Na hata akihisi kwamba anadanganywa, mara nyingi hana nguvu ya kusimama, sembuse ya kuondoka.

Mwaka 1963 mchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliandika makala iliyolieleza jambo hili vizuri kiasi kwamba hadi leo inasomwa vyuoni. Hoja yake ni kwamba tiba hutofautiana na biashara nyingine kwa sababu anayeuza huduma ndiye huyohuyo anayemwambia mnunuzi anachohitaji. Ndiyo maana jamii humtarajia daktari atangulize maslahi ya mgonjwa kuliko mfuko wake, wakati haimtarajii hivyo muuza mbao. Kiapo cha udaktari, baraza la kusajili madaktari, leseni na kanuni za maadili viliwekwa ili kulinda matarajio hayo. Vyote ni mbadala wa macho ambayo mgonjwa hana.

Sura hii inahusu mbadala huo unapooza. Tutapita mahali panne: wodini, kwenye kalamu inayoandika dawa, kwenye chuo kinachomtoa daktari, na kwenye fomu ya bima. Ni nchi tofauti na watu tofauti, lakini mwendo ni mmoja. Rushwa katika tiba hujenga makao palepale ambapo mgonjwa haoni, na hupungua pale panapofunguliwa. Mahubiri ya maadili yana nafasi yake, ila hayajawahi kutosha yakiachwa peke yake.

Wodini

Tuanze na jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji ushahidi wa mbali kuliamini. Mama mjamzito anafika hospitali saa nane usiku, uchungu umeshika. Sera ya nchi inasema huduma ya uzazi haina malipo. Mapokezi anaulizwa kama amekuja na vifaa: glovu, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika. Ana glovu jozi mbili. Anaambiwa hazitoshi, na stoo imefungwa hadi asubuhi. Mume anasimama kwenye korido. Muuguzi anapita, anapita tena, hamtazami. Mtu aliyekaa benchi tangu jioni anamnong'oneza: "Kaka, waone. Hapa watu wanaonwa." Noti ya elfu kumi inakunjwa kiganjani. Muda si mrefu glovu zimepatikana, na sauti ya muuguzi imelainika.

Hakuna aliyeomba rushwa pale. Hakuna sentensi hata moja ambayo mtu angeweza kuipeleka TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mume hajui kama glovu hazikuwepo kweli au zilikuwepo, na kutokujua huko ndiko kulikotoa ile elfu kumi.

Watafiti Ottar Mæstad na Aziza Mwisongo walikaa na watumishi wa afya 58 wa Tanzania, katika makundi manane ya mazungumzo, wakawauliza malipo ya chini kwa chini yanavyofanya kazi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yanafaa kusomwa na kila mganga mfawidhi. Watumishi wenyewe walieleza kwamba wapo wanaotengeneza uhaba kwa makusudi, au wanaoshusha ubora wa huduma ili mgonjwa alazimike kutoa chochote. Walieleza pia kwamba pesa hugawanywa. Mgawo usipokuwa wa haki, aliyepunjwa hukata tamaa na kulegeza kazi, hata kwa mgonjwa ambaye amelipa. Hapo tunaona kwa nini ile elfu kumi si zawadi isiyo na madhara. Inaligeuza pengo dogo la vifaa kuwa chanzo cha mapato, na mtu anayepata mapato kutokana na pengo hana sababu ya kuliziba.

Hali hii ina historia. Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara; marufuku hiyo ikalegezwa mwaka 1991, wakati uchumi ulikuwa umeyumba na mishahara ya watumishi wa umma haifiki katikati ya mwezi. Miaka michache baadaye uchangiaji wa gharama za matibabu ukaingia katika hospitali za serikali. Daktari yuleyule akawa asubuhi ni mtumishi wa umma na jioni ana kliniki mtaani. Wengi waliifanya kazi hiyo ya pili kwa uadilifu, na bado wanaifanya. Lakini utaratibu wenyewe ulifungua mwanya: mgonjwa wa asubuhi akaanza kuambiwa, "Mashine hapa mbovu, njoo jioni pale kwangu."

Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda Tume ya Kero ya Rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, na ripoti ikakabidhiwa Desemba mwaka huohuo. Tume iliwatenganisha wala rushwa katika makundi mawili: wanaochukua kwa sababu kipato hakitoshi kujikimu, na wanaochukua kwa tamaa ya kujilimbikizia. Ni tofauti yenye maana kubwa hospitalini. Muuguzi anayelaza watoto wake njaa mwisho wa mwezi na mkuu wa idara anayekula asilimia kwenye zabuni ya vitendanishi hawaponywi kwa dawa moja. Madaktari wa Tanzania walipogoma mwaka 2012, madai yao yalihusu mishahara na posho, na pia vifaa na mazingira ya kazi. Mtu anaweza kuupinga mgomo wa hospitali kwa nguvu zote na bado akakubali kwamba taifa linaloacha mshahara wa daktari ushuke chini ya gharama ya kuishi linamweka kwenye majaribu ambayo halikuwa na haki ya kumwekea.

Hata hivyo umaskini hauelezi kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Paula Tibandebage na Maureen Mackintosh walifuatilia vituo vya afya vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi nchini Tanzania. Walikuta vituo vinavyofanana kwa uhaba vikitofautiana sana kwa tabia: kimoja wagonjwa walisema wananyanyaswa na kukamuliwa, kingine walisema wanatendewa haki. Mishahara midogo ilikuwepo kote. Uongozi, utaratibu wa kupokea pesa na mazoea ya kituo ndivyo vilivyoleta tofauti. Habari hii ni ya matumaini, kwa sababu inamwondolea kiongozi wa kituo kisingizio cha kusubiri nchi nzima ibadilike ndipo naye aanze.

Kwenye kalamu

Rushwa ya wodini ina aibu, hukunjwa kiganjani. Ipo nyingine ambayo huvaa suti, huleta chakula cha mchana, na huitwa elimu. Hii hailengi mfuko wa mgonjwa moja kwa moja. Inalenga kalamu ya daktari.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ya Marekani ilianza kuuza OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakiziandika dawa za aina hiyo kwa tahadhari, hasa kwa wagonjwa wa saratani na waliotoka kufanyiwa upasuaji, maana walijua zinavyoleta uraibu. Ili kidonge kiuzwe kwa mamilioni, ilibidi daktari wa kawaida aache kuogopa kumwandikia mtu anayeumwa mgongo.

Kazi ya kumtoa hofu ilifanyika waziwazi. Kati ya 1996 na 2001 kampuni iliandaa mikutano zaidi ya 40, na madaktari, wafamasia na wauguzi zaidi ya 5,000 walihudhuria wakiwa wamelipiwa kila kitu. Wauzaji wake walifundishwa kusema kwamba wanaopata uraibu hawafiki asilimia moja. Ushahidi mmoja uliopendwa mno ulikuwa barua ya sentensi tano ya Jane Porter na Hershel Jick, iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida la New England Journal of Medicine. Barua ilihusu wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizo wakiwa wamelazwa, na ambao wanne tu walionekana kupata uraibu. Haikusema lolote kuhusu mtu anayekwenda na chupa nyumbani na kumeza vidonge kwa miezi. Watafiti walioifuatilia barua hiyo mwaka 2017 walikuta imenukuliwa mara 608, na wengi wa walioinukuu hawakutaja kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini.

Mauzo ya OxyContin yalipanda kutoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi karibu dola bilioni 1.1 mwaka 2000. Mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue na wakuu wake watatu walikiri makosa ya kuipa dawa hiyo maelezo ya upotoshaji, wakalipa zaidi ya dola milioni 600. Mwaka 2020 Purdue ilikiri makosa mengine ya jinai. Mawili kati yake yalihusu njama za rushwa: kuwalipa madaktari kwa kisingizio cha mihadhara, na kuilipa kampuni ya programu za kompyuta ili mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uwe unamkumbusha daktari, akiwa mezani na mgonjwa mbele yake, kufikiria dawa hizo. Kati ya 1999 na 2019 karibu watu 500,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, zikiwemo za hospitali na za mtaani.

Mfano wa Insys ni wa wazi zaidi. Kampuni hiyo iliuza fentanyl, nayo dawa ya jamii ya afyuni, ya kupulizia mdomoni, na iliwalipa madaktari "ada za mihadhara" kulingana na wingi wa dawa walizoandika. Mwanzilishi wake, John Kapoor, alitiwa hatiani mwaka 2019 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 66.

Madaktari wa Insys walijua wanachofanya. Linalotisha zaidi ni wale maelfu wengine ambao hawakujiona kabisa kama watu walionunuliwa. Utafiti wa mwaka 2016 ulipitia kumbukumbu za madaktari 279,669 wa Marekani na kuwalinganisha waliolishwa na kampuni za dawa na wasiolishwa. Hata mlo mmoja, wenye thamani isiyofika dola 20, uliendana na daktari kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyomlisha. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mlo ndio sababu. Lakini kampuni zinazoishi kwa kuhesabu hazinunui mamilioni ya milo kwa ukarimu.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye korido ya hospitali kubwa ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ameshawaona vijana nadhifu wenye mikoba wakisubiri daktari amalize wagonjwa. Wanaleta sampuli, kalamu, kalenda, na mwaliko wa semina. Daktari aliyeketi nao si mla rushwa kwa sababu ya kalenda. Ila binadamu aliyepewa hujisikia anadaiwa, na deni la daktari hulipwa na mgonjwa asiyejua kwamba lipo.

Chuoni

Wapo wanaosema tatizo litakwisha tukipata kizazi kipya cha madaktari. Inategemea kizazi hicho kimeingiaje chuoni.

India ina baadhi ya madaktari hodari kabisa duniani, na maelfu ya wagonjwa kutoka Tanzania, Kenya na Kongo wamepona moyo, figo na saratani huko Chennai, Delhi na Mumbai. Palepale India kuna vyuo binafsi vya udaktari vilivyodai mamilioni ya rupia chini ya meza ili kumpa mwanafunzi nafasi, ingawa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuitamka ada hiyo haramu tangu mwaka 1992. Hesabu yake ni nyepesi kueleweka. Kijana ambaye familia yake imeuza shamba kununua nafasi ya chuo anaanza kazi akiwa na deni, na deni hilo halilipwi kwa mshahara wa zahanati ya kijijini.

Katika jimbo la Madhya Pradesh mambo yalikwenda mbali zaidi. Kashfa ya Vyapam, iliyopewa jina la bodi ya mitihani ya jimbo, ililipuka mwaka 2013. Watu walikodiwa kuwafanyia wengine mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari. Kwingine namba za viti zilipangwa ili mwenye akili akae karibu na mwenye pesa na karatasi zinakilike. Zaidi ya watu 2,000 walikamatwa. Watuhumiwa na mashahidi kadhaa walifariki kabla ya kesi kwisha, na baada ya malalamiko Mahakama ya Juu iliukabidhi uchunguzi kwa CBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, Julai 2015. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilithibitisha kufutwa kwa udahili wa wanafunzi 634, wengine wakiwa tayari wamemaliza masomo.

Msimamizi naye alikuwa na matatizo yake. Aprili 2010 rais wa Baraza la Madaktari la India, Ketan Desai, alikamatwa kwa tuhuma, ambazo alizikana, za kupokea rushwa ili chuo kimoja cha Punjab kitambuliwe. Mwezi uliofuata serikali ililivunja baraza. Lilirudi kwa muda, na hatimaye Septemba 2020 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Taifa ya Tiba.

Matunda ya mti huo huonekana kwenye kliniki. Mwaka 2014 daktari David Berger, aliyekuwa amejitolea katika hospitali ya hisani kwenye milima ya Himalaya, aliandika katika jarida la BMJ kuhusu kamisheni za rufaa: daktari humtuma mgonjwa kwa mtaalamu au kwenye maabara, kisha hurudishiwa fungu la bili. Makala ilizua mjadala mkubwa India, na madaktari wengi wa nchi hiyo walijitokeza kusema, naam, ndivyo ilivyo. Kamisheni inapoingia, swali la "nani atamtibu vizuri" linasukumwa kando na swali la "nani atanirudishia." Mgonjwa wetu anayepanda ndege kwenda India kupitia wakala ana haki ya kuuliza wakala huyo analipwa na nani, na kwa kiasi gani. Si kosa kuwa na wakala. Kosa ni kumficha mgonjwa kwamba ushauri anaopewa una mlipaji mwingine.

Kwenye fomu ya bima

Bima ya afya ilikuja kama ukombozi: mgonjwa hafiki dirishani akiwa na noti, basi hakuna cha kukunjwa kiganjani. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kuipigania. Lakini bima huhamisha mahali pa giza. Sasa anayelipa ni mfuko ulioko mjini ambao haumwoni mgonjwa, na mgonjwa naye haoni kinachodaiwa kwa jina lake.

Mbinu zinajulikana. Aliyekuja kwa malaria na kurudi nyumbani huandikwa kwamba alilazwa. Kipimo kimoja hudaiwa kama vitatu. Mtu ambaye hajakanyaga hospitalini huwa na faili nono. Na mbaya kuliko zote ni ile inayogusa mwili: kwa kuwa upasuaji hulipwa zaidi ya uzazi wa kawaida au ushauri, kisu hupata sababu ambayo si ya kitabibu.

Nchini Kenya, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966 ulikumbwa na aina hii ya wizi kwa miaka mingi. Juni 2023 uchunguzi wa waandishi wa habari uliorushwa kwenye televisheni ulionyesha wazee wa kijijini katika kaunti ya Meru walivyochukuliwa kwa ahadi ya matibabu ya bure, kisha mfuko ukadaiwa malipo ya upasuaji. Wizara ilisimamisha hospitali kadhaa na Bunge likaanza kuhoji. Oktoba 2024 NHIF iliondolewa, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake. Haikuchukua hata mwaka: Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa makumi ya vituo kwa madai ya udanganyifu dhidi ya mfuko huo mpya.

Wapo waliolichukua tangazo hilo kama dalili kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi nalisoma vingine. Udanganyifu uligunduliwa mapema kwa sababu madai yanapita kwenye mfumo wa kompyuta unaoweza kulinganisha idadi ya vitanda na idadi ya waliolazwa, na kuona zahanati ya vitanda kumi ikidai wagonjwa thelathini kwa usiku mmoja. Kubadilisha jina la mfuko hakuzuii wizi. Kusoma madai yake kila siku kunauzuia.

Kinachofanya kazi

Tukirudi kwenye hoja ya mwanzo, kila tiba ya ugonjwa huu iliyowahi kuzaa matunda ilimpa mgonjwa, au mtu anayemwakilisha, uwezo wa kuona.

Ya kwanza ni bei na risiti. Serikali ya Tanzania ilipoanza kukusanya malipo kwa namba ya kumbukumbu, ile ambayo kila mtu anaiita kontrol namba, hospitali kadhaa ziliripoti mapato kupanda. Pesa zilikuwepo siku zote, zilikuwa hazifiki. Bango la bei lililobandikwa mapokezi, likionyesha pia huduma zisizolipiwa, lina nguvu kuliko semina ya siku tatu ya maadili, maana humpa mume wa yule mama kitu cha kunyooshea kidole.

Ya pili ni kuyaweka wazi maslahi ya daktari. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka kampuni za dawa na vifaa tiba kutangaza malipo zinayowapa madaktari, na tangu mwaka 2014 mwananchi yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali, akaandika jina la daktari wake na kuona amelipwa na nani. Ule utafiti wa mlo wa dola 20 uliwezekana kwa sababu ya sheria hiyo. Nchi zetu zinaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni baraza la madaktari kuamua kwamba semina iliyolipiwa na kampuni ni taarifa ya umma.

Ya tatu ni msimamizi asiyejisimamia mwenyewe. Uingereza ilijifunza kwa machungu. Januari 2000 daktari Harold Shipman alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa 15, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Janet Smith ililikosoa vikali Baraza la Madaktari kwa kuwajali mno madaktari kuliko wagonjwa. Leo nusu ya wajumbe wa baraza hilo si madaktari. Daktari humwelewa daktari mwenzake, na kuelewana huko ni kuzuri kwenye chumba cha upasuaji. Kwenye kikao cha nidhamu kunahitaji kuwepo mtu wa kando anayeuliza maswali ya mgonjwa.

Ya nne ni kumlinda anayesema. Kashfa ya Vyapam isingejulikana ilivyojulikana bila watu kama Anand Rai, daktari wa macho wa Indore, aliyepeleka taarifa na kuishi na vitisho kwa miaka. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo itakuwa na uzito pale muuguzi mdogo atakapoweza kumtaja mkubwa wake asubuhi na bado akaendelea na zamu yake jioni bila kuhamishiwa wilaya ya mbali.

Ya tano inamhusu msomaji. Sheria ya Tanzania ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea, na zamani kabla yake ahadi za mwanachama wa TANU, chama tawala cha zamani, zilikuwa zimeweka mambo hayo mawili pamoja. Simlaumu mume aliyetoa elfu kumi mke wake akiwa na uchungu. Pale mzigo wote ni wa mwenye dhamana. Lakini wapo wanaotoa bahasha ili kuruka foleni ya watu waliolala pale tangu usiku, na hao hawawezi kujiita waathirika. Nafasi waliyoinunua walimnyang'anya mtu asiye na kitu.

Na yapo maswali matatu ambayo kila mgonjwa anaweza kuyauliza kwa heshima bila kuwa msomi: Dawa hii inaitwaje kwa jina lake la asili, na ipo ya bei nafuu? Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu? Risiti naipata wapi? Daktari mwaminifu huyajibu maswali hayo kwa nusu dakika na hupumua kwa kuyasikia, maana humwondolea shinikizo la wenzake, la wauzaji na la mkubwa wake anayetaka mapato ya kitengo yapande. Asiyekuwa mwaminifu huyakasirikia, na kukasirika kwake ni taarifa tosha.

Daktari huyo mwaminifu yupo, na yupo kwa wingi kuliko habari za magazeti zinavyoonyesha. Anafanya zamu ya usiku bila posho, anarudisha kalenda ya kampuni, anamwambia mgonjwa "hii huihitaji" na kupoteza kamisheni. Tukiendelea kumwachia dhamiri yake peke yake ipambane na mfumo unaomlipa mwenzake kwa kufanya kinyume, tutakuwa tunamtoza yeye gharama ya uadilifu wetu sote. Kazi ya sheria, ya mabaraza na yetu wagonjwa ni kuhakikisha kwamba anayetenda haki hospitalini hapati hasara kwa kutenda haki.